Upepo wa matairi kwa gari la spoti: mmoja anakwambia punguza, mwingine anakwambia ongeza

Mshika_Usukani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Likija swali la upepo wa matairi kwa magari ya spoti, majibu hugawanyika pande mbili. Huyu anasema punguza, tairi litatanuka chini na kushika lami. Yule anasema ongeza, tairi litakaza na gari litaitikia usukani. Muulizaji anabaki njia panda, na mwisho wa siku anaweka namba ya mtu ambaye gari lake halifanani na lake hata kidogo.

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja amesimama upande wake wa kilima. Chukua gari moja na tairi la aina moja, anza na upepo mdogo kisha uwe unapanda kidogo kidogo. Mshiko unaongezeka, unafika kileleni, halafu unaanza kushuka. Ukiwa chini ya kilele, ubavu wa tairi unajikunja kwenye kona, bega linaburuzwa, na katikati ya uso wa tairi hakubanwi vizuri kwenye lami. Ukiwa juu ya kilele, tairi linavimba katikati, mabega hayagusi sawasawa, na kila kijiwe kinalirusha. Basi aliyepunguza psi 3 (psi ni kipimo cha presha ya upepo) akafurahi alikuwa amepitiliza kilele. Aliyeongeza psi 3 akafurahi alikuwa hajakifikia. Wewe uko upande gani? Hilo hakuna wa kukujibu mpaka ulipime gari lako mwenyewe.

Pa kuanzia ni kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye baadhi ya magari kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Hiyo ndiyo namba aliyoipanga mtengenezaji kwa uzito wa gari, mgawanyo wake wa mbele na nyuma, na saizi ya tairi lililotoka nalo kiwandani. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe. Tairi halijui limefungwa kwenye gari gani, kwa hiyo tusiichukue kama ushauri.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulipita: namba ya mlangoni ni ya tairi la baridi, yaani gari limekaa angalau saa 3, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Ila kona huiingii na tairi la baridi. Unaingia nalo likiwa limepata moto, upepo ukiwa umepanda psi 4, 6, hata 9. Mshiko unaousikia mikononi unatokana na namba ya moto. Mtu akikwambia "mimi natumia 34" bila kusema baridi au moto, hajakwambia kitu.

Karibuni tujadili. Mwenye uzoefu wa uwanja wa mbio naye aje.

Gia_ya_Tatu

Naweka kambi hapa. Tupeni nondo.

Kijana_Tabo

Mkuu Mshika_Usukani, asante kwa uzi. Mimi nina hatchback yenye tabo (turbo), drive ya mbele, yaani injini inazungusha matairi ya mbele, saizi 225/40 R18. Mlangoni kumeandikwa 33 mbele na 32 nyuma. Tatizo langu ni kona za polepole zinazobana: nakata usukani, pua inaenda moja kwa moja, matairi ya mbele yanalia. Rafiki yangu kasema nishushe ya mbele mpaka 28 ili yashike zaidi. Nimesita kidogo. Nifanyeje?

Mshika_Usukani

Kijana_Tabo, umefanya vizuri kusita. Gari lako limebeba uzito mwingi mbele: injini, gia, tabo, vyote viko pale. Ukiingia kona ukiwa na breki kidogo, uzito mwingine unahamia mbele, kisha tairi la nje ndilo linalobebeshwa karibu kila kitu. Tairi lililobebeshwa hivyo likiwa na upepo mdogo, ubavu unasalimu amri. Na tairi lenye mzigo mzito ndilo linalofaidika zaidi na upepo wa ziada, kwa sababu linapata ukakamavu wa kusukuma gari pembeni. Ndiyo maana wenye magari ya drive ya mbele wanaoshindana kwenye viwanja vya koni (mbio za kukatiza kati ya koni zilizopangwa) hupandisha upepo wa mbele wakiwa na matairi ya barabarani, wakati wenye magari mepesi ya drive ya nyuma mara nyingi wanashusha.

Lakini usiniamini mimi, iamini chaki. Chukua chaki nyeupe, chora mstari mnene unaoanzia juu ya uso wa tairi, unapita begani, unashuka ubavuni kama sentimita 4. Chora sehemu tatu kuzunguka tairi, kwa matairi yote mawili ya mbele. Nenda mahali palipofungwa, pasipo na watu wala magari, piga kona zako kwa nguvu kushoto na kulia, kisha simama uangalie chaki imefutika mpaka wapi.

Ukichunguza bega la tairi utaona kipembetatu kidogo kimechongwa. Kazi yake halisi ni kukuonyesha zilipo zile alama za kuchakaa ndani ya mifereji, ila madereva wamekigeuza rula. Chaki ikifutika mpaka karibu na ncha ya kipembetatu, uko pazuri. Ikifutika mpaka chini yake, tairi linapinduka na kukanyaga ubavu, ongeza psi 2 urudie. Ikibaki juu ya bega bila kuguswa, upepo umezidi.

Fanya hivyo kabla hujashusha kitu chochote, utuletee majibu.

Mwalimu_wa_Hesabu

Naongezea hesabu kidogo maana watu wengi wanashangaa upepo unapandaje wakati hakuna aliyeongeza.

Geji haisomi presha yote iliyomo ndani ya tairi. Inasoma ile iliyozidi presha ya hewa ya nje, ambayo usawa wa bahari ni psi 14.7. Kwa hiyo tairi la psi 32 kwa ndani lina 46.7. Joto nalo lipimwe kutoka sifuri halisi, si kutoka sifuri ya kawaida: nyuzi 20 za sentigredi ni 293, nyuzi 65 ni 338. Zidisha 46.7 kwa 338, gawanya kwa 293, unapata karibu 53.9. Toa 14.7, geji itasoma 39. Tairi lile lile, hewa ile ile, psi 7 zaidi.

Kanuni ya haraka: kila nyuzi 10 za joto ni psi moja na nusu hivi. Inafanya kazi na kwa kushuka pia. Asubuhi yenye baridi na mchana wa jua kali vinaweza kutofautiana psi 3 bila tairi kuvuja. Hata gari likiwa limeegeshwa, upande uliopigwa na jua husoma zaidi kuliko ule wa kivulini. Ukisawazisha pande zote mbili wakati huo, jioni zitakuwa haziko sawa.

Mlima nao unahesabika. Panda mita 1,500, hewa ya nje inapungua psi 2 na kidogo, na geji inasoma zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ukiishi bondeni ukaenda kuendesha milimani, pima tena ukifika huko na matairi yakiwa yamepoa.

Chuma_Chakavu

Wakuu, mimi nitasema ukweli mchungu. Haya yote ni mbwembwe. Psi 2 hakuna dereva wa kawaida anayezisikia. Mimi najaza 35 zote nne, nawasha, naondoka. Miaka yote matairi yangu yanaisha sawasawa na sijawahi kutoka barabarani. Mnawatia watu wasiwasi wa bure.

Mshika_Usukani

Chuma_Chakavu, kwa safari za kawaida sina ugomvi na wewe. Gari linalokwenda kazini na kurudi halihitaji kipembetatu wala chaki, linahitaji namba ya mlangoni na kukaguliwa kila mwezi.

Ila kwenye "zote nne sawa" hapo nasimama. Tofauti ya mbele na nyuma ndiyo inayoamua nani anaachia kwanza, pua au mkia. Na si jambo la mbio tu, watengenezaji wenyewe wameitumia. Chevrolet Corvair, ile ya kuanzia 1960 yenye injini nyuma, iliandikiwa psi 15 mbele na 26 nyuma, matairi ya baridi. Kumi na tano! Walifanya hivyo makusudi, matairi ya mbele yawe legelege, pua iachie kabla ya mkia, kwa sababu saspensheni ya nyuma ya gari lile ilikuwa na tabia ya kujikunja kwenye kona. Sasa fundi asiyejua anaona 15, anadhani tairi limekwisha, anajaza zote sawa. Ameshaondoa kinga iliyowekwa kiwandani, na mwenye gari hajui.

Porsche 911 ya kizazi cha 993 nayo ilikuwa 36 mbele na 44 nyuma, injini ikiwa nyuma vilevile. Kisha angalia Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, gari la tani moja tu na kidogo, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu: 29 kila upande. Ukiijaza 35 ukiifananisha na gari lako la tani moja na nusu, umelifanya gari zuri lirukeruke barabarani.

Kuhusu psi 2 kutosikika, nakubali kwamba kwenye mwendo wa kawaida hutazisikia. Kwenye ukomo wa mshiko, tairi likiwa limeshaanza kuteleza, zinasikika. Kwenye mbio za magari za NASCAR kule Marekani, gari likiingia kubadilisha matairi, dereva akilalamika kwamba pua inakataa au mkia unatoka, timu hurekebisha upepo kwa nusu psi au psi moja na kumrudisha uwanjani. Wasingepoteza muda kama haisaidii.

Gia_ya_Tatu

Hapo kwa Corvair nimepata kitu. Endeleeni wakuu, uzi umeshiba.

Dada_Klachi

Nimeitwa na neno "uwanja wa mbio" nikaja.

Mimi naendesha siku za uwanja kwa gari la drive ya nyuma na matairi ya barabarani ya daraja la juu. Uwanjani mambo yanageuka: hupangi baridi, unapanga moto. Unaamua kwanza unataka nini tairi likiwa limeiva, ndipo unarudi nyuma kukadiria uanze na ngapi. Matairi ya barabarani ya spoti mengi hupenda kati ya 34 na 38 yakiwa moto. Yale ya nusu mbio, yenye mifereji michache, hushuka kidogo, 30 hadi 34. Hizo ni sehemu za kuanzia tu, kila tairi na gari vina kilele chake, kama mwanzisha uzi alivyosema.

Kwa kuwa uwanjani upepo unaweza kupanda psi 7 au zaidi, naanza chini ya namba ya mlangoni. Mizunguko miwili mitatu ya kwanza gari linaogelea kidogo, navumilia, nakwenda taratibu. Nikirudi napima papo hapo, kabla hata ya kuvua kofia, natoa uliozidi, narudi tena.

Na kama unaweza kupata kipimajoto cha sindano, pata. Vile vya mwanga mwekundu unaolenga kwa mbali vinasoma ngozi ya juu tu, ambayo inapoa ukiwa bado unaingia eneo la kuegesha. Cha sindano kinaingia milimita chache ndani ya mpira. Unachoma sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Mifano ya namna ninavyosoma:

88, 84, 79. Hapa nimeridhika. Ndani kuna joto zaidi kwa sababu ya kemba, yaani tairi kulazwa kuelekea ndani kwa juu, na katikati ni karibu wastani wa pembeni mbili.

82, 91, 80. Katikati kunaungua, upepo umezidi.

90, 78, 88. Pembeni zinabeba, katikati haifanyi kazi. Upepo mdogo.

75, 82, 93. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Bega la nje linaungua, mtu anakimbilia kuongeza upepo. Hapana. Katikati iko kwenye wastani wake, upepo hauna kosa. Tairi halijalazwa ndani vya kutosha, hiyo ni kazi ya alaimenti, ukiongeza kemba hasi litatulia. Upepo usitumike kuficha tatizo la saspensheni.

Tena angalieni uwanja unazungukia wapi. Ukizunguka kwa mwelekeo wa saa, kona nyingi ni za kulia, matairi ya kushoto ndiyo yanayobeba na kupata moto zaidi. Ukianza na namba sawa pande zote, baada ya mizunguko michache kushoto kutakuwa juu. Mimi kushoto naanza chini kwa psi 1 au 2 ili yakishaiva yalingane.

Kijana_Tabo

Dada Klachi umeupiga mwingi. Swali: ukishatoa upepo uwanjani, unarudije nyumbani? Unajaza tena au unaacha?

Dada_Klachi

Unajaza, mdogo wangu, hilo halina mjadala. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari ikae kwenye buti siku zote. Unasubiri matairi yapoe, unarudisha namba ya mlangoni, ndipo unaondoka.

Mwalimu_wa_Hesabu

Naomba niliweke hilo kwa namba, maana ni la hatari kuliko linavyoonekana.

Tuseme tairi limeiva kwenye nyuzi 65, linasoma 39, ukatoa mpaka 34. Gari likilala, asubuhi tairi liko kwenye nyuzi 20. Fanya ile hesabu kwa kurudi nyuma: geji itasoma 27 na nusu hivi. Mlangoni pameandikwa 32. Unaingia barabara kuu ukiwa na upungufu wa psi 4 na nusu, gari limejaa mizigo ya siku ya uwanja, mwendo wa kilomita 120.

Sasa utasema, si kuna taa kwenye dashibodi? Sheria ya Marekani, iliyoanza kubana magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, inataka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya namba ya mlangoni. Asilimia 25 ya 32 ni 8. Gari lililopangwa kwa kipimo hicho linaweza kunyamaza mpaka 24. Tairi lenye 27 na nusu linapita kimya kimya. Sheria yenyewe ilitokana na yale ya matairi ya Firestone kupasuka kwenye magari ya Ford Explorer, mwaka 2000, pale Firestone ilipoyaita kurudishwa matairi milioni 6.5. Ford walikuwa wameelekeza psi 26, Firestone wakaja kusema iwe 30. Upepo haukuwa sababu pekee pale, lakini tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila likizunguka, linajitengenezea joto, na joto ndilo linalotenganisha matabaka ya ndani.

Hata kwenye Formula 1, mashindano ya Silverstone ya 2013 yalipopasua matairi ya magari kadhaa, Pirelli, waliotengeneza matairi hayo, walitaja upepo mdogo miongoni mwa sababu, pamoja na timu kufunga matairi ya nyuma upande usio wake, kemba iliyopitiliza, na kupanda kingo za uwanja. Hao wana wahandisi wa kila aina. Tangu zamani timu hutaka kushuka chini kutafuta mshiko, na mtengenezaji wa tairi ndiye anayewawekea sakafu.

Mzee_Taratibu

Vijana, mnazungumza lami kavu tu. Mvua je? Nilifundishwa kwamba mvua ikinyesha upunguze upepo ili tairi litanuke. Bado ni sahihi?

Mwalimu_wa_Hesabu

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, kwa gari la lami hiyo si sahihi, ni kinyume chake. Kupunguza kunafaa kwenye mchanga na matope, pale unapotaka tairi lielee juu. Kwenye maji yaliyotuama kuelea ndiko tunakokukimbia.

Watafiti wa NASA walichapisha kanuni mwaka 1963 walipokuwa wanachunguza matairi ya ndege kuelea kwenye maji. Mwendo ambao tairi linaanza kuelea, kwa noti (maili za baharini kwa saa), ni 9 mara kipeuo cha pili cha upepo kwa psi. Kwa 32 unapata noti 51, karibu kilomita 94 kwa saa. Kwa 26 unapata noti 46, kilomita 85. Umepoteza kilomita 9 kwa kutoa psi 6 tu. Kanuni ni ya ndege na maji yaliyozidi kina cha mifereji, kwa hiyo kwenye gari ichukuliwe kama mwelekeo, si kama ahadi. Lakini mwelekeo hauna utata: upepo zaidi unayasukuma maji zaidi. Na tairi kipara haliokolewi na upepo wa aina yoyote.

Mzee_Taratibu

Marahaba. Nimekuelewa.

Dada_Klachi

Uwanjani kukinyesha mimi hurudi juu kwa sababu nyingine pia: maji yanapoza tairi, upepo haupandi kama siku kavu. Ukiacha namba ya kuanzia ya jua, halitafika kule ulikokusudia. Napandisha psi 3 au 4 za baridi ili namba ya moto ibaki pale pale.

Gia_ya_Tatu

Na naitrojeni je? Kuna fundi kaniambia nikiweka upepo wangu hautapanda kabisa.

Mwalimu_wa_Hesabu

Hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni asilimia 78. Ikipashwa joto inapanda kwa kanuni ile ile niliyoandika juu, na naitrojeni tupu inapanda hivyo hivyo. Kinacholeta fujo ni unyevu kutoka kwenye kompresa isiyotolewa maji, maana maji yakigeuka mvuke ndani ya tairi yanaongeza presha nje ya hesabu. Hewa kavu inatosha. Naitrojeni inapenya kwenye mpira polepole kidogo kuliko oksijeni, kwa hiyo utajaza kwa nadra zaidi, basi.

Kijana_Tabo

Wakuu, nimerudi na majibu ya chaki.

Nilianza na 33 mbele kama ilivyo mlangoni. Baada ya kona kadhaa za nguvu chaki ilifutika yote, ikapita ncha ya kipembetatu karibu sentimita moja, na ubavu ulikuwa na mikwaruzo ya kijivu pale ulipokanyaga lami. Ningeshusha mpaka 28 kama nilivyoshauriwa sijui ningekuwa natembelea maandishi!

Nikapanda 35, ikapungua. 37, ikaishia kwenye ncha kabisa, na kulia kwa matairi kumebadilika, si ule mlio wa kuburuza tena. Usukani ukikata pua inafuata. Nikajaribu 40 nione, hapo ikaharibika: chaki ilibaki begani, na kwenye sehemu yenye mabaka ya lami pua ilikuwa inadundadunda kutoka nje kidogo kidogo. Nimerudi 37. Hizo ni za baridi, zikiwa moto zilisoma 40 na 41.

Sasa pua bado inakataa kidogo kwenye kona ndefu. Nikisoma kwa Mshika_Usukani naona kama nyuma nayo nikiigusa itasaidia. Nipandishe nyuma?

Mshika_Usukani

Safi sana, umekiona kilele na pande zake zote mbili. Hiyo ni namba yako, ya gari lako na tairi hilo.

Ndiyo, kwenye drive ya mbele ukipandisha nyuma mkia unalegea na gari linakubali kuzunguka. Nyuma ya gari lako ni nyepesi, upepo ukizidi pale, kiraka cha tairi kinachogusa lami kinapungua na mshiko unashuka haraka. Panda psi 1, jaribu, psi 1 nyingine, jaribu. Badilisha mbele peke yake au nyuma peke yake, usiguse zote pamoja, hutajua nini kimefanya nini.

Ila nisikilize hapa vizuri. Hiki unachokifanya nyuma si kuongeza mshiko wa gari, unaupunguza nyuma ili ulingane na mbele. Kwenye uwanja wa koni ni sawa. Barabarani, usiku, lami ina maji, umeingia kona na mwendo mkubwa kidogo kuliko ulivyofikiri, ukaachia mafuta ghafla: uzito unakwenda mbele, nyuma inabaki tupu, mkia unakupita. Mtengenezaji alilipanga gari lako pua iachie kwanza kwa sababu dereva mwenye hofu huachia mafuta na kukaza usukani, na pua inayoteleza inasamehe hilo. Mkia hausamehi.

Kwa hiyo nyuma iliyopandishwa ni ya siku ya kucheza tu. Jioni rudisha 32. Ya mbele unaweza kubaki psi 2 juu ya mlango kwa matumizi ya kila siku bila shida, mradi hupitishi kikomo cha ubavuni, na ujue breki kwenye lami mbovu itakuwa imepungua kidogo kwa sababu ya kudunda.

Chuma_Chakavu

Haya, nimekubali mbele na nyuma visiwe sawa. Nimekwenda kuangalia mlango wangu: 33 na 29. Miaka yote nilikuwa na 35 nyuma.

Gia_ya_Tatu

Hahaha! Kumbe ulipaswa kusema hujawahi kutoka barabarani "mpaka sasa".

Dada_Klachi

Kijana_Tabo, la mwisho kabla sijaondoka. Nunua geji yako mwenyewe, uitumie hiyo hiyo kila siku. Za kwenye vituo vya mafuta zinaangushwa chini, zinatofautiana psi 2, 3. Yako ikikosea psi 1 haina neno, mradi inakosea kwa namna ile ile kila mara, kwa sababu unachotafuta ni mabadiliko. Andika namba zako mahali: baridi, moto, joto la hewa siku hiyo, na aina ya tairi. Ukija kubadilisha matairi kwenda kampuni nyingine, hata kama saizi ni ile ile, ubavu wake utakuwa mlaini au mgumu kuliko huu, na 37 yako itakuwa haina maana. Unaanza tena na chaki kutoka namba ya mlangoni.